Yowe la Gulioni

Mwaka ule nilipelekwa milimani kwa sababu ya jino. Si langu. Lilikuwa la kijana mmoja wa mtaa wa nyuma pale Ngamiani, aliyenitania nikipita mbele ya fundi baiskeli, akasema natembea kama mwanamume. Pampu ya fundi ilikuwa chini, nikaiokota, nikamtandika nayo mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka kumaliza mtihani wa kidato cha pili, na hasira zangu zilikuwa za karibu mno. Mpaka leo ziko hapo hapo, ila sasa nimezizoea.

Mama yake alikuja nyumbani na lile jino amelifunga kwenye karatasi, akaliweka mezani mbele ya baba. Baba alilitazama, akanitazama, akavua mkanda. Nilichapwa mpaka mama akaingilia kati, na kwa kuingilia kati naye akapata wake. Kesho yake asubuhi nikapakiwa kwenye basi kwenda kwa shangazi, dada yake baba aliyeolewa juu Usambara, nikakae huko likizo nzima ya Desemba. Baba alisema baridi itanipoza.

Wapi! Mji wenyewe ulikuwa mdogo, unaumaliza kwa miguu hata jasho halijakutoka: barabara moja ya lami inayojipinda, msikiti, kanisa, kijiwe cha bodaboda, na uwanja wa gulio chini kabisa bondeni. Kila nyumba iko juu ya nyingine au chini yake. Mimi wa Ngamiani, kwetu ardhi imelala na baiskeli inakwenda yenyewe, wiki ya kwanza nilihema njia nzima huku watoto wa shule ya msingi wakinipita na ndoo za maji kichwani, wakinicheka. Wawili niliwamwagia maji yao.

Shangazi alikuwa na binti wa rika langu, binamu yangu, mpole wa kuudhi. Ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Jirani yao alikuwa seremala, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na mwanawe alinizidi mimi mwaka mmoja. Huyo kijana ndiye ninayetaka kumsema.

Siku tuliyokutana tulipigana. Aliniuliza kama ni kweli watu wa pwani hulala mchana kutwa na kuamka kula. Nikamrushia kiazi cha shangazi, kikampata kwenye jicho. Akanikamata, akanizika uso kwenye vumbi la mbao la baba yake, nami nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Binamu yangu alisimama pembeni akilia kwa niaba yetu sote. Tulipoachana, yule kijana alijishika bega, akacheka, akasema huyu ni mtu. Toka hapo hatukuachana.

Wala usifikiri tulikuwa tukichuma maua. Tulikuwa na vita vya mawe na vijana wa ng'ambo ya mto, vita vya kweli, na manati, na mateka. Mateka alichapwa miguuni kwa majani yanayowasha, kisha akaachiwa arudi kwao akijikuna. Nilipigwa jiwe kwenye paji la uso, kovu hili hapa, na siku ile ile nikampata aliyenipiga, nikamburuta kwenye matope kwa nywele. Shangazi alinichapa ufito kila jioni kama mtu anayemeza dawa yake. Nami nilikuwa na furaha, wallahi, sijapata kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimepata mahali ambapo mtu anaweza kuwa mkali na asiambiwe ni mtoto wa kike.

Lakini kipenzi chetu kilikuwa gari la mbao. Seremala alikuwa nalo la kushushia mbao kutoka msituni: ubao mrefu, magurudumu manne ya gogo yaliyopakwa mafuta ya ng'ombe, usukani wa kamba, na breki ya kipande cha tairi unachokikandamiza kwa kisigino. Alipokuwa halitumii tulilivuta mpaka kwenye kona ya juu kabisa ya barabara, tukakaa wawili wawili, tukaliachia. Ukiogopa ukashika breki mapema, umeshindwa. Na anayeshindwa hudaiwa: aliyeshinda atachukua kwake kitu chochote anachotaka, mara moja, hapo hapo. Mimi nilikwishamchukulia mkanda wake, na kofia yake, na siku moja nilimvua shati akarudi kwao kifua wazi na ukungu ule.

Sasa niseme habari ya wezi, maana bila hiyo hutanielewa. Mwaka ule watu wa pale walikuwa wameibiwa mpaka wamechoka. Ng'ombe walitolewa zizini, kabeji zilikatwa shambani shamba zima. Wakati fulani kabla sijafika walimkamata mtu mmoja wakampiga, na polisi walipokuja, watu wakawanyooshea vidole watatu tu kati ya wote waliopiga, wakachukuliwa hao watatu. Basi wakakaa, wakapatana. Yowe la mwizi likipigwa, kila aliye karibu aje na alichonacho mkononi. Na kila anayekuja apige. Asiwepo wa kutazama tu. Wote wakipiga hakuna shahidi, na anayekataa kupiga ni mwenzake mwizi.

Shangazi alitueleza hayo mezani, kwa sauti ile ile ya kuniambia niongeze mboga. Na wiki yangu ya pili pale, yowe lilipigwa upande wa mashamba ya chini. Mume wa shangazi aliinuka akachukua mpini wa jembe. Alirudi baada ya saa nzima, akausafisha ule mpini bombani, taratibu, akiugeuza geuza, akausimamisha ukutani ukauke, kisha akaomba chakula. Hatukuuliza kitu. Kwa hiyo nilijua. Ndiyo maana sina udhuru.

Siku ya gulio tulishuka na gari la mbao mimi na yeye. Binamu yangu alikuwa ametangulia chini kumsaidia mama yake kuuza maharage. Ile kona ya mwisho, pale barabara inapogeuka ghafla juu ya uwanja, ng'ombe alikuwa amesimama katikati, na mimi nikashika breki. Ng'ombe alikuwa ameshaondoka kabla hatujafika. Yule kijana alicheka mpaka akajilaza chini. Tuliliacha gari pale barazani kwa baba yake, karakana yao ilikuwa karibu na kona hiyo, tukaingia gulioni kwa miguu, na njia nzima anafikiria anichukulie nini.

Akachukua mtandio wangu. Ulikuwa wa zambarau, nimenunuliwa Idi, na nilikuwa nimeufunga kichwani. Aliunyakua mbele ya wasichana waliokuwa wakiuza mapeasi, akajizungushia usoni yeye, pua na mdomo vikafunikwa, yakabaki macho tu. Kisha akaanza kuniigiza: mwendo wangu, mikono yangu, na lafudhi yangu ya Tanga, akiwauliza wale wasichana bei ya mapeasi kwa kuvuta maneno. Walicheka mpaka mmoja akaangusha fungu lake. Kichwa kiko wazi, watu wananitazama, na mimi damu imepanda. Nikamrukia. Akakwepa, akatoka mbio katikati ya magunia.

Kwetu Ngamiani mwenzio akikimbia na kandambili yako, unapiga kelele, mwizi huyo, mkamateni. Ni mchezo wa kila siku. Muuza maandazi ananyoosha mguu kumkwaza, mzee wa barazani anamtishia kwa bakora, wote wanacheka, maana kila mmoja anajua yule ni mtoto wa nani na mama yake anakaa nyumba gani. Nimelipiga yowe hilo mara elfu toka najua kusema. Nikalipiga pale. Kwa nguvu zangu zote, mara tatu.

Kelele za gulio zilikatika. Huo ukimya ninausikia hata sasa. Wale wasichana wa mapeasi waliacha kucheka, mmoja akajishika mdomo. Watu wengi siku ile walikuwa wametoka vijiji vya mbali, hawamjui mtoto wa seremala, na hata wanaomjua walichokiona ni mtu aliyejifunika uso anakimbia. Muuza viazi mmoja alichukua jiwe la mizani akamrushia. Lilimpata mgongoni katikati, akaanguka kifudifudi kati ya magunia mawili, na mtandio ukapanda ukamziba macho.

Kisha wakaja wote. Walikuja na mipini, na fito za kubebea kuku, na mti wa kupimia nguo, na mama mmoja alikuja na mwiko. Hawakuwa na haraka wala hasira, hilo ndilo lililonitisha. Mtu anasogea, anapiga, anampisha wa nyuma yake. Nilisikia mkono wake ukivunjika, sauti ndogo tu, kavu. Nilipenya kwa viwiko nikipiga kelele kwamba ni utani, ni mwenzetu, ni mtoto wa seremala, na kelele zangu hazikufika popote kwa sababu kila mtu pale alikuwa akipiga kelele. Nilipofika mbele kabisa, mwanamume mmoja mrefu mwenye mpini wa shoka alinishika ukosi. Aliniinamia sikioni nimsikie.

"Wewe ndiye uliyepiga yowe?"

Nikaitika. Akaniuliza mbona sasa namtetea. Akaniuliza tena, na waliokuwa karibu wakageuka kunitazama, pamoja na fito zao.

"Unamjua?"

Nilimtazama aliye chini. Alikuwa amejikunja, mtandio wangu umeloa, haufanani tena na rangi yake. Nilikuwa nimekwisha kupigwa mara nyingi maishani mwangu, na baba, na shangazi, na vijana wa ng'ambo ya mto, na sikuwahi kuogopa. Pale niliogopa. Niliogopa hadi mkojo ukanitoka.

"Simjui," nikasema.

Akaniwekea ule mpini wa shoka mikononi. Nikapiga. Sikumgusa juu juu kwa kujisingizia, la. Nilitaka waone, nikapiga kwa mikono miwili, upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio. Na kama nimeamua kusema kweli basi niiseme yote: ndani ya pigo lile mlikuwa na hofu, lakini mlikuwa na hasira ya mtandio pia, kidogo, imebaki. Alitoa mlio ambao sijausikia kwa binadamu mwingine. Kisha akanyamaza, na mwanamume yule akauchukua mpini wake, akampa nafasi aliyekuwa nyuma yangu.

Aliyemwokoa ni binamu yangu, yule mpole wa kuudhi. Alikuwa ameuona mtandio ukivaliwa, akalisikia yowe, akaelewa kabla ya mtu yeyote. Hakuja kwenye kundi kupiga kelele kama mimi. Alipanda mlima mbio hadi karakana.

Seremala alishuka na gari la mbao. Mzee wa kanisa, na miwani yake, na aproni yake ya kazi, amelala kifudifudi juu ya ule ubao, hakugusa breki hata mara moja. Aliingia gulioni kwa kasi ile akapita juu ya vikapu vya nyanya, akawavaa watu wawili miguuni, na mmoja wao ni yule mrefu wa mpini wa shoka, akaenda chini akipiga mayowe. Seremala aliinuka na damu mdomoni, akajitupa juu ya mwanawe, akamfunika kwa mwili wake. Fito tatu nne zilimpata yeye kabla hazijasimama. Akiwa bado amemlalia, akaufungua mtandio. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba, ala, huyu si mtoto wa fundi?

Uwanja ulitawanyika. Watu waliacha kabeji zao, wakaacha kuku wamefungwa miguu, wakaondoka kila mmoja kivyake, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tukabaki sisi na wasichana wa mapeasi. Tulimlaza kwenye gari la mbao, seremala akavuta kamba mbele, mimi na binamu yangu tukasukuma nyuma, kupanda mlima wote mpaka hospitali. Damu ilikuwa ikitiririka kwenye ubao na kunifikia mikononi. Kila tulipopumzika, seremala aliweka kiganja chake mbele ya pua ya mwanawe, kisha tukaendelea.

Siku tatu hakuzinduka. Nililala chini ukumbini kwa shangazi, sili, nikimwomba Mungu amponye, na papo hapo nikiomba asikumbuke. Dua hizo mbili nilizileta pamoja kila sala, na sikujua ipi ninaitaka zaidi.

Polisi walikuja kuuliza nani alipiga yowe. Wasichana wa mapeasi walikwisha kusema, kwa hiyo nami nikasema. Nikasema ulikuwa utani, kwetu tunacheza hivyo. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli. Shangazi alinichapa mbele yao mpaka askari mwenyewe akamwambia inatosha. Nikapelekwa kwa seremala kuomba radhi. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika kichwa. Alisema ni utoto, alisema Mungu amesikia. Kisha akanishukuru kwa kusukuma gari. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimetoa nusu ya habari, nusu nyepesi, na hiyo nyingine ilikaa kooni pale pale mbele yake, nikaimeza.

Alipozinduka mkono ulikuwa umefungwa plasta na sikio la kushoto halisikii. Daktari alisema halitasikia tena. Waliomuuliza kuhusu waliompiga aliwajibu kwamba alikuwa amefunikwa macho, hakumwona mtu. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikayasikia hayo, na nikashukuru. Nilishukuru, Mungu anisamehe, nikapumua, na kesho yake baba akaja kunichukua.

Miaka imekwenda. Baba na mama wamekwisha kufariki, mimi ndiye ninayekaa kwenye nyumba ile ya Ngamiani na mume wangu na mtoto wetu wa miaka saba. Yule kijana ni fundi, ana karakana ya baba yake, na mara moja moja huteremka Tanga na milango na vitanda vya watu. Haji mjini asifike kwangu. Anakula, anacheka, anamtania mume wangu kwamba ameoa askari. Siku zote hukaa nikiwa upande wake wa kulia, na kama nimekaa kushoto huhamisha kiti. Mimi nimesema mara ngapi kwamba leo nitamwambia? Nimetandika mkeka, nimemimina chai, nimefungua mdomo, nikauliza habari za mvua.

Mwezi uliopita alikuja kunifungia mlango mpya wa mtiki, maana wa zamani umeliwa na mchwa. Alikuwa ameusimamisha kwenye fremu, misumari mdomoni, na mimi ninafagia vumbi la mbao barazani. Mwanangu alikuwa akicheza mtaani na wenzake. Mmoja wao akachukua mpira, akakimbia nao, na mwanangu akatoka nyuma yake akipiga kelele kwa furaha, mwizi huyo, mwizi, mkamateni. Muuza kahawa akanyoosha mguu kumkwaza. Watu wakacheka.

Sikumbuki kuutupa ufagio. Nilimfikia mwanangu katikati ya njia, nikamkamata mkono, nikamburuta mpaka barazani, na kiganja changu kilikuwa juu, na hasira yangu, ile ile ya karibu, ilikuwa imejaa mkononi. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja akisubiri. Nikasikia misumari ikitemwa juu ya saruji.

"Mwache," fundi akasema. "Mkono wako naujua."

Nikabaki hivyo hivyo, mkono hewani. Alikuwa hakugeuka hata kunitazama, bega lake liko kwenye mlango, anauzuia usianguke. Alijigusa sikio la kushoto kwa ncha ya nyundo, taratibu, kama mtu anayeonyesha mahali msumari unapotakiwa kuingia.

"Hili sikio," akasema, "neno la mwisho kuingia humu ni lako. Ulisema hunijui."

Nilimwachia mtoto. Alikimbia kurudi kwa wenzake, na mpira ukaendelea. Nikakaa chini juu ya vumbi la mbao nikalia, mtu mzima, mlango wa nyumba ukiwa wazi na mtaa mzima unaona. Aliniacha nilie. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliokota misumari yake mmoja mmoja, akaifuta kwenye shati, akairudisha mdomoni. Kisha akanionyesha kwa kidevu ukingo wa mlango ulioanza kuinama upande wangu.

Nikainuka, nikaushika. Nikausimamia kwa mikono yote miwili, akaanza kupigilia.